Bunduki Ndogo ya Shabaha: Mwongozo kwa Mtu wa Tanga Aliye Ughaibuni

Desemba ikifika na watoto wetu wa ughaibuni wakirudi likizo, kuna swali ambalo siku hizi halikosekani kwenye vibaraza vya Ngamiani na Chumbageni: "Kule nilipo watu mwisho wa wiki wanakwenda kulenga shabaha kwa bunduki ya .22, ile ndogo ya risasi nyembamba. Na mimi nimependa. Ninunue ipi?" Nimeamua kulijibu kwa maandishi, maana nimewasikia wakitajiwa jina la bunduki tu, na jina ndilo jambo la mwisho. La kwanza ni karatasi zako, la pili ni mwili wako.

Uliye Marekani, hapa soma taratibu. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi wa F-1 au mgeni wa B-2, kuwa na bunduki au risasi. Kuna misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Katazo hilo halihusu kununua peke yake. Hata bunduki ya kukodi uwanjani ikiwa mikononi mwako inahesabika. Rafiki yako mzawa atakwambia hapa kila mtu anapiga, na kwa upande wake ni kweli. Wewe ukikamatwa, kesi haiishii kwenye faini, inakwenda mpaka kwenye viza yako na kila ulichohangaikia. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa akitimiza masharti mengine ya shirikisho na ya jimbo lake. Dukani atajazishwa fomu nambari 4473, inayouliza uraia na hali ya uhamiaji, na kuandika uongo humo ni jinai. Kama hujui viza yako iko kundi gani, ada ya mwanasheria wa uhamiaji ni ndogo kuliko hasara ya kubahatisha.

Kwingineko njia inapita klabuni. Uingereza unajiunga na klabu iliyoidhinishwa na serikali, unakaa kipindi cha majaribio kisichopungua miezi 3, kisha unaomba cheti polisi. Ujerumani unatakiwa uwe mwanachama anayefanya mazoezi ya kawaida kwa miezi 12 kabla ya kuomba kibali cha kumiliki. Kanada unaanza na kozi ya usalama, ndipo leseni. Watu hulalamika kuwa ni mzunguko mrefu. Mimi naona umewekwa vizuri, kwa sababu miezi hiyo yote unapiga kwa bunduki za klabu, na ukifika siku ya kununua unajua unachotaka.

Mwanafunzi ambaye viza inamzuia asikate tamaa. Bunduki ya upepo ya milimita 4.5 inafundisha karibu kila kitu kinachofundishwa na .22, na mashindano ya mita 10 ya Olimpiki yanapigwa kwa hiyo hiyo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haiihesabu kuwa silaha ya moto, ila majimbo kama New Jersey yanaihesabu, kwa hiyo uliza la kwako. England na Wales zile zenye nguvu ndogo hazihitaji cheti. Scotland zinahitaji tangu mwisho wa 2016.

Sasa bunduki yenyewe. Mliopita JKT, kambi ya Maramba au Mgambo, mmeshapiga SMG, ile bunduki ya kijeshi, na mkishika .22 mtaiona nyepesi mno. Haisukumi bega, haishtui. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 5.6 na uzito wa karibu gramu 2.6. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu huidharau. Maboksi mengi ya risasi hizi yana onyo kwamba inaweza kufika kilomita 2.4, mwendo wa kutoka katikati ya mji wa Tanga ukaribie Raskazone. Nidhamu mliyofundishwa kwenye uwanja wa shabaha wa kikosi iende nayo: mtutu uelekee shabaha muda wote, kidole nje ya triga mpaka umeshalenga, na kila bunduki uichukulie kuwa ina risasi.

Kwa mwanzo mimi nasimama na ile ya bolti, unayoikoki kwa mkono kila risasi. CZ 457, Savage Mark II na Tikka T1x ni za aina hiyo, na zote zinaheshimika. Ruger 10/22, iliyopo sokoni tangu 1964, inajikoki yenyewe na magazini yake inabeba risasi 10. Ni bunduki nzuri na vipuri vyake viko kila mahali. Lakini mwanafunzi akipewa inayojikoki humimina risasi kumi mfululizo huku anacheka, halafu hajui ipi imekwenda wapi wala kwa nini. Bolti inamlazimisha apumue kati ya risasi na risasi.

Kabla ya kuijaribu kwa risasi, ijaribu kwa mwili. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kuwa chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu. Weka kitako kwenye kiwiko kwa ndani, mkono umekunjwa, uone kama kidole kinafika kwenye triga bila kujivuta. Kisha iinue begani macho yakiwa yamefumba, shavu likae kwenye mti wake, ufumbue. Kama jicho limekutana na alama za kulengea bila wewe kunyoosha shingo, inakufaa. Wengi wetu tuna mikono mifupi kuliko vitako vya bunduki za watu wazima, na hakuna aibu kununua ya kitako kifupi. Jua pia jicho lako lenye nguvu: tengeneza tundu kwa viganja viwili, tazama kitu cha mbali macho yote mawili yakiwa wazi, kisha funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo la kulengea, na kama ni la kushoto, tafuta bunduki ya kushoto usije ukarushiwa maganda usoni.

Maganda hayo yananirudisha kwa mpwa wangu aliyeko Columbus, Ohio. Alikwenda mara ya kwanza na ushungi uliofungwa kwa ulegevu kama tunavyofunga huku pwani. Ganda la moto la bunduki ya jirani yake likamwingia shingoni. Mwalimu wake alishamwambia: likitokea lolote, kwanza bunduki chini, mtutu mbele, ndipo ujikune. Akafanya hivyo. Jioni akanipigia, "Mjomba, limeniunguza lakini sikugeuka." Nilifurahi kuliko angeniambia kagonga katikati. Dada zangu, ushungi uingie ndani ya blauzi yenye kola iliyofungwa mpaka juu, na juu yake mvae miwani na vizibo vya kufunika masikio. Hata .22 inaumiza masikio.

Kuijaribu kwa risasi ndiko ninakotaka ukae. Usinunue kwa kupiga risasi tatu umesimama. Omba meza na mifuko ya mchanga, lenga mita 50, piga risasi tano bila kubadilisha chochote, hata kama ya kwanza imekwenda pembeni. Usitazame kama zimegonga katikati, hilo linarekebishwa baadaye kwa kusogeza alama za kulengea. Tazama kama zimekusanyika. Kisha badilisha risasi za kampuni nyingine, karatasi mpya, tano tena. Kila mtutu wa .22 una risasi unazozipenda, na bunduki iliyotawanya kwa boksi moja inaweza kukusanya vizuri kwa boksi jingine. Bunduki inayokusanya ndani ya sentimita 2.5 kwa umbali huo inatosha kabisa kwa burudani. Risasi za ghali za mashindano si lazima. Zile za mwendo wa wastani, zisizovuka kasi ya sauti, mara nyingi hutulia zaidi kuliko za kasi kubwa.

Ukivuta triga na haikulia, usifungue bolti. Subiri sekunde 30 mtutu ukiwa mbele, kwa sababu kiwashio cha risasi hizi kimezunguka ukingoni mwa ganda, na hukosa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko za bunduki kubwa. Darubini iache kwanza. Ukija kuinunua, chukua iliyopangwa kwa .22, maana nyingi za bunduki kubwa zimerekebishwa kwa umbali wa karibu mita 100 na zitakudanganya jicho kwenye 50.

Ukitoka uwanjani nawa mikono na uso kwa maji ya baridi na sabuni kabla ya kula, ukabadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Vumbi la pale lina madini ya risasi, na watoto ndio yanaowadhuru zaidi. Nyumbani, bunduki kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi mahali pengine pamefungwa. Kama ndani kuna mtu anayepita kipindi kigumu cha moyo, wewe mwenyewe ukiwemo, isilale humo kabisa. Uliza klabu kama wanatunza.

Na ndugu watakuomba uilete. Yuko mjomba Muheza ambaye nyani na nguruwe wamemmalizia mahindi, na akisikia una bunduki hatakuelewa ukirudi mikono mitupu. Mwambie kwa heshima kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kabla silaha haijaingia nchini, na kwamba anayehitaji ya shamba aombe leseni mwenyewe kupitia polisi wa wilaya yake. .22 kwa nguruwe ni kumjeruhi tu akakimbilia kichakani. Wewe kabla ya safari kagua begi. Lililokwenda uwanjani lisipande ndege, kwani risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni inatosha kukulaza mahabusu kwenye nchi unayopitia tu kubadilisha ndege.