Jinsi ya kusema "kanifokea" kwa Kiingereza cha mtaani

Wanafunzi wangu wa tuisheni wakitaka kusema bosi kawawakia, wote wanakimbilia "he shouted at me". Siyo kosa, ila kuna bosi anakugombeza kwa sauti ya chini kabisa na bado unatoka jasho, hapo shouted haifiki. Fanya hivi.

Kwanza pima moto. Mama kamkaripia mtoto, mwalimu kamgombeza mwanafunzi, hiyo "tell off". Mtu kakuvaa, kakupa za uso bila huruma, sema "lay into". Likiwa onyo la mwisho, yaani mkirudia mtanitambua, ndo "he read us the riot act", na hiyo Riot Act ilikuwa sheria kweli huko Uingereza, imeanza kutumika 1715, hakimu anawasomea watu 12 au zaidi waliokusanyika kwa fujo, wasipotawanyika ndani ya lisaa limoja adhabu ni kifo. Kwa mtoto aliyemwaga uji ni kubwa mno jamani.

Pili, unaongea na nani? Mmarekani ana "chew out". Mwingereza ana "bollocking", ila ina utusi ndani, usije ukaiandika kwenye imeili ya kazini. Watu wa mpira mnaijua "the hairdryer treatment", Ferguson enzi zake akiwa kocha wa Man U alikuwa anakufokea pua kwa pua kama draya ya saluni imewashwa usoni, jina linasemwa lilitoka kwa Mark Hughes aliyemchezea.

Tatu, na hapa ndo wengi wanaanguka, mtu unamweka wapi. "Tell off" na "chew out" zinaachana, wewe unakaa katikati: "she told me off", "he chewed me out". Usiseme "told off me" hata siku moja. Lakini "lay into" haiachani, "he laid into me". Kosa lako unalifungulia na "for" halafu ing: "she told me off for coming late". Kama hutaki kumtaja aliyekufokea, labda ni shemeji na yumo kwenye grupu, andika "I got told off" umemaliza.

Jaribu hii: kocha katuwakia kwa kuchelewa mazoezini. Kimarekani, "Coach chewed us out for being late to practice". Kiingereza cha London, ambako kumgombeza mtu pia ni "have a go at", sema "The coach had a go at us for being late for training".