Kabla hujabonyeza Y: kuweka programu kwa terminali kwenye Ubuntu

Haya ni ya Ubuntu, na mengi yanafaa Debian na Linux Mint kwa kuwa zote zinatumia apt, chombo cha kuweka na kuondoa programu. Ukiwa na Fedora amri ni nyingine, tahadhari ni zilezile.

Jua kwanza uko toleo gani. Andika lsb_release -a usome. Matoleo ya LTS (ya kutunzwa muda mrefu), kama 22.04 na 24.04, hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Yale ya katikati hupata miezi 9 tu, basi. Toleo likishapitwa na muda na kuondolewa kwenye seva kuu, apt update inakurudishia 404 (faili halipo) mfululizo na wewe unaanza kuulaumu mtandao. Hamia toleo jipya.

Nafasi ya diski: df -h. Chaji: chomeka waya hata kama betri inasoma asilimia 80. Umeme ukikatika na betri ikazima wakati dpkg, chombo ambacho apt hukitumia, inafungua vifurushi (mafaili ya programu), ukiwasha utaambiwa uendeshe sudo dpkg --configure -a. Hiyo sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, andaa jioni nzima.

Bando nalo. Kabla ya kupakua, apt hukuandikia “Need to get” na kiasi cha MB. Kisome hicho ndipo uamue. Kama kuna Wi-Fi ya bure chuoni au kazini, tumia sudo apt install -d na jina la programu. Itapakua bila kusakinisha na kuyaweka mafaili kwenye /var/cache/apt/archives. Ukifika nyumbani unarudia amri ileile bila -d, na haikuli MB tena. Usije tu ukapiga apt clean katikati ya safari, maana inayafuta mafaili hayo.

Anza na sudo apt update. Hiyo inaleta orodha mpya tu, haibadilishi programu yoyote. Inayobadilisha ni upgrade. Wanaozichanganya hizi mbili ni wengi kuliko wanavyokubali.

Sasa, -y. Hiyo humjibu apt “ndiyo” kwa kila swali kabla hujaulizwa. Ukikuta maelekezo yameiweka mwishoni mwa amri, ifute kabla ya kubonyeza Enter.

Kijana mmoja wa chuo alileta laptopu dukani, anasema imekufa na kesho anawasilisha projekti. Nikaiwasha. Haikufa hata kidogo. Ilikwenda mpaka kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikaomba jina na nywila. Nikamuuliza kafanya nini. “Sijagusa kitu, fundi. Nimeweka Python mpya tu.” Kila anayeleta mashine hajagusa kitu, kwa hiyo siku hizi sibishani, naenda moja kwa moja kwenye /var/log/apt/history.log. Faili hilo huandika tarehe, saa na amri yenyewe. Kwenye mstari wa Commandline palikuwa na apt remove python3 -y. Chini yake mstari wa Remove, majina yanamwagika mpaka skrini inajaa: ubuntu-desktop (desktop yenyewe), gnome-shell, update-manager, na mengine mengi ambayo kijana hajawahi kuyasikia.

Maelekezo aliyofuata yalimwambia aondoe Python ya zamani kwanza ndipo aweke mpya. Kwenye Windows ungefanya hivyo na maisha yakaendelea. Ubuntu ina vifaa vyake vingi vilivyoandikwa kwa Python, na python3 ni kama nguzo ya kati ya nyumba: ukiing'oa, paa linashuka nayo. Bila ile -y, apt ingesimama. Ingeandika “The following packages will be REMOVED”, ingeorodhesha majina yote, kisha ingesubiri Y au n. Kijana alishaijibu ndiyo kabla haijamuuliza.

Tukachomeka simu yake kwa waya, tukawasha intaneti ya USB, nikapiga sudo dhclient ili mashine ipate anwani ya mtandao, kisha sudo apt install ubuntu-desktop. Bando lake likaisha katikati, tukamalizia la kwangu. Mafaili yake kwenye /home yalikuwepo yote, kwa sababu apt remove haigusi huko. Alichokihitaji tangu mwanzo ni kuiacha Python ya mfumo ilipo na kufanyia kazi zake kwenye venv, folda ya Python iliyotengwa na mfumo: unaweka python3-venv, unaandika python3 -m venv na jina la folda, umemaliza.

Usidhani haya ni ya wanafunzi. Mwaka 2021 Linus Sebastian wa chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips alikuwa anaweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, Linux iliyojengwa juu ya Ubuntu. Kifurushi kilikuwa na hitilafu, apt ikataka kuondoa mazingira yote ya desktop, na ikamtaka aandike sentensi nzima: “Yes, do as I say!” Akaiandika, mbele ya kamera. Desktop ikaondoka. Na yeye angalau alipewa kizuizi cha kuandika sentensi. Kwa python3 ni Y tu.

Ukiwa na wasiwasi ongeza -s: apt install -s inaigiza tu, haifanyi chochote. Mistari inayoanza na Inst ni ya kuingia, Remv ni ya kutoka. Ukiona Remv usizozielewa, simama hapo.

Mengine kwa haraka. Amri za curl (ya kupakua) zinazomiminwa moja kwa moja kwenye sudo bash, zikaendeshwa hapohapo bila kusomwa, usizipige. Pakua faili, lifungue kwa less, lisome. Kila PPA (hazina ya programu ya mtu binafsi) unayoongeza unampa mwenye nayo uwezo wa kuweka chochote kwenye mashine yako akiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu. Hazina za Debian usizichomeke kwenye Ubuntu hata kama majina ya vifurushi yanafanana. Ukiambiwa “Could not get lock”, subiri, huenda masasisho ya kiotomatiki yanaendelea. Usilifute faili la kufuli, linalozuia apt mbili kufanya kazi kwa pamoja.

Na usikimbilie toleo jipya kuliko yote. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona SSH (ya kuingia kwenye mashine ya mbali) inachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kubana mafaili. Ulikuwa umeshafika Debian ya majaribio. Debian stable haikuwa nao.

Kama unasasisha seva ya mbali kwa SSH, fungua tmux kwanza, programu inayoiweka terminali hai kwenye seva. Mtandao ukikatika kazi inaendelea kule kule, nawe ukirudi unaandika tmux attach.