Kiti cha ofisi kina saizi yake: jinsi ya kuchagua kinachokutosha

Mtu anayenunua viatu hutaja namba ya mguu wake kabla hata ya kuuliza bei, na muuzaji akimletea namba 44 ilhali yeye huvaa 40 hatavichukua kwa sababu tu ngozi yake inang'aa. Kwenye viti vya ofisi busara hiyo hutupotea. Tunaingia dukani, tunavutiwa na kiti kirefu cheusi chenye egemeo la kufika kisogoni, tunakikalia nusu dakika kikiwa bado na nailoni yake, tunazunguka nacho mara moja na kuuliza bei ya mwisho. Kiti changu cha kwanza nilikinunua namna hiyo. Kilipofika nyumbani niligundua kwamba hata nikikishusha hadi chini kabisa, ni ncha za vidole tu zilizogusa sakafu, na kufikia saa tisa alasiri miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ili nikanyage vizuri ilinibidi nisogee hadi ukingoni, na lile egemeo nililolilipia likabaki nyuma yangu kama ukuta wa nyumba ya jirani. Kiti kilikuwa kizima kabisa. Kilimfaa mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu.

Kwa hiyo kazi ya kuchagua kiti huanzia nyumbani, nayo inahitaji futikamba ya fundi cherehani na mtu wa kukusaidia kwa dakika tano. Kaa juu ya stuli ngumu isiyo na sponji, ukiwa umevaa viatu unavyovaa kazini, nyayo zote zikiwa zimelala sakafuni na mapaja yakiwa sambamba na sakafu. Msaidizi wako apime kwanza kutoka sakafuni hadi chini ya paja, pale linapokutana na nyuma ya goti. Kisha isogeze stuli hadi ukutani, makalio yako yaguse ukuta, naye apime kutoka ukutani hadi nyuma ya goti. Mwisho, legeza mabega, kunja mkono kama mtu anayeandika, apime kutoka kwenye stuli hadi chini ya kiwiko. Mimi vipimo vyangu ni sentimeta 41, 46 na 22, na nitavitumia kama mfano hapa chini.

Kipimo cha kwanza ndicho kimo cha kiti. Viti vingi vya kuzunguka hupanda na kushuka kwa takribani sentimeta 10 tu, hivyo kiti kinachoanzia sentimeta 46 hakitanifaa hata kikiwa na sifa nyingine zote. Usitegemee maelezo ya kwenye boksi pekee, kwa kuwa sponji hubonyea mtu anapokaa. Kishushe kiti chote, kikalie, na umwombe muuzaji apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wakati wewe umekaa. Wauzaji wengine hushangaa kumwona mteja amekuja na futikamba. Waache washangae.

Kipimo cha pili, urefu wa paja, ndicho kinachosahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachowaumiza watu wengi bila wao kujua sababu. Nyuma ya goti mishipa ya damu na ya fahamu hupita karibu sana na ngozi, kwa hiyo ukingo wa kiti ukiibana pale, ganzi na uvimbe wa miguu hufuata. Kina cha kikalio, yaani kutoka kwenye egemeo hadi ukingo wa mbele, kinapaswa kuwa kifupi kuliko paja lako kwa sentimeta 4 au 5. Mimi mwenye 46 natafuta kikalio cha sentimeta 41 au 42, ilhali viti vingi vinavyoitwa vya bosi vina kina cha sentimeta 50 au zaidi. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kuegemea vizuri, mgongo wote ukigusa egemeo, kisha kuingiza vidole kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vidole viwili au vitatu vikipita bila kusukumana, kina kinatosha. Kisipopita hata kimoja, kiache. Mtu mrefu hukutana na tatizo la upande wa pili, kwa maana mapaja yake hutokeza nje ya kiti na uzito wote huangukia makalio. Kuna viti ambavyo kikalio chake husogezwa mbele na nyuma kwa wenzo ulio chini, na kama kiti kitatumiwa na watu wawili wenye miili tofauti, hiyo ni sifa inayostahili kuongezewa pesa.

Watengenezaji wanaojua kazi yao wamelikubali jambo hili tangu zamani. Kiti cha Aeron, kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick na kuanza kuuzwa na kampuni ya Herman Miller ya Marekani mwaka 1994, hutengenezwa kwa saizi tatu zinazoitwa A, B na C. Ukikikuta cha mtumba, papasa kwa vidole nyuma ya ukingo wa juu wa egemeo: kidoti kimoja ni saizi A, viwili ni B, vitatu ni C. Mtu mfupi anayefurahia kukipata cha saizi C kwa bei ya chini amepata kiti kizuri cha mtu mwingine.

Baada ya hapo tazama egemeo. Mgongo wa binadamu haukunyooka kama rula, kwani sehemu ya kiunoni huingia ndani kidogo, nasi tunapokaa bila kuegemea kitu mbonyeo huo hupotea na pingili za chini hubanana kwa upande wa mbele. Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Uswidi, alipima msukumo ndani ya diski za uti wa mgongo, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili, katika miaka ya 1960 na 1970, akaona kwamba kukaa bila egemeo huzibana diski hizo kuliko kusimama, na kwamba msukumo hupungua mtu anapoegemea nyuma. Kwa sababu hiyo egemeo zuri huwa na mwinuko unaojaza mbonyeo wa kiuno, na mwinuko huo unapaswa kukugusa usawa wa mkanda wa suruali au juu yake kidogo. Ukikusukuma mbavuni umepanda mno. Ukikusukuma makalio, umeshuka mno na utakutoa kitini polepole. Chagua egemeo linaloweza kupandishwa na kushushwa. Sehemu ya kulaza kichwa haina kazi kubwa kwa mtu anayeandika, ila muuzaji ataanza na hiyo.

Jaribu pia namna kiti kinavyolala. Kiti kinachobaki wima nyuzi 90 siku nzima humchosha mtu, na wengi wetu huona nafuu egemeo likiwa limelala hadi nyuzi 100 au 110. Katika viti rahisi, kikalio na egemeo hulala kama kipande kimoja, magoti yakainuka na visigino vikaachia sakafu. Katika vilivyo bora, egemeo hulala zaidi kuliko kikalio na nyayo hubaki zilipo. Chini ya kikalio kuna kitasa cha mviringo cha kukaza au kulegeza springi. Kizungushe mpaka egemeo likufuate bila kukurusha mbele wala kukuangusha nyuma.

Mikono ya kiti ndipo hesabu ya meza inapoingia, na hapa tusiharakishe. Kiti changu kikiwa sentimeta 41 na kiwiko changu kikiwa 22 juu yake, mikono yangu inataka meza ya sentimeta 63. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha 72 hadi 75. Yangu ni 74. Nikikaa kwa kimo kinachofaa miguu, mabega yatapanda ili mikono ifike kwenye kibodi, na jioni shingo itauma huku nikilaumu mto wa kulalia. Njia mojawapo ni kukipandisha kiti sentimeta 11, hadi 52, kisha kuweka kibago cha sentimeta hizohizo 11 chini ya miguu. Njia nyingine, kama meza ni ya mbao na ni yako, ni kumwita seremala aipunguze miguu; lakini pima kwanza nafasi ya mapaja chini ya droo, maana nimeona meza ikikatwa vizuri sana na mwenyewe akashindwa kuingiza magoti. Mikono ya kiti nayo ipande na kushuka hadi usawa wa kiwiko na iweze kuingia chini ya meza. Ile isiyorekebishika inayogonga ukingo wa meza humlazimisha mtu kukaa mbali na kuinama, na mimi huona ni heri kuifungua boliti na kuitoa kabisa.

Kuhusu malighafi, wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na miji mingine ya pwani wasivutwe na ngozi bandia. Joto na unyevu huifanya ibanduke vipande vipande vinavyoganda kwenye shati, na kabla haijabanduka mgongo hulowa jasho. Wavu au kitambaa hupitisha hewa, ila kama kikalio ni cha wavu kagua kwamba fremu ya mbele haibani mapaja. Magurudumu magumu ni ya zulia. Kwa sakafu ya vigae au saruji iliyosuguliwa tafuta yenye mpira laini.

Kiti cha mtumba kutoka ofisi za Ulaya au Uarabuni mara nyingi humshinda kipya cha bei hiyohiyo, mradi ukikague. Kipandishe hadi juu kabisa, weka alama ya chaki kwenye bomba la gesi, lile linalokipandisha na kukishusha kiti, ukikalie dakika kumi; kikishuka, gesi imechoka, ingawa bomba hubadilishwa. Bonyeza kikalio kwa kidole gumba, na ukihisi ubao chini mara moja ujue sponji imekufa. Kisha kigeuze juu chini utazame nyufa pale miguu yote mitano inapokutana, kwa sababu ufa wa hapo hautengenezeki kwa gundi wala kwa maneno ya muuzaji.

Kikifika nyumbani, kirekebishe kwa mpangilio huu: kimo kwanza, kina cha kikalio, egemeo, springi, mikono mwisho, kwani ukianza na mikono utalazimika kurudia kila kitu. Baada ya mwezi mmoja boliti zilizo chini hulegea na kiti huanza kulia. Zikaze kwa ule ufunguo mdogo uliokuja ndani ya boksi, kisha uubandike kwa selotepu chini ya kikalio, usije ukatafutwa nyumba nzima mwezi unaofuata.