Altezza yako ya kwanza: namna ya kuishi nayo bila kuvutwa kwa kamba kila mwezi

Kama umenunua Toyota Altezza juzi na usiku unaamka kuichungulia dirishani kama mtoto mchanga, kaa hapa tuongee. Mi yangu ni RS200, manyuali ya gia sita, nipo nayo mwaka wa nne sasa hapa Dar na imeshavutwa kwa kamba mara tatu, mara mbili kati ya hizo ni ujinga wangu kabisa, ile ya tatu nusu ujinga nusu mvua.

Kwanza ujue umenunua nini. Altezza zilitoka 1998, Wajapani wakaipa tuzo ya gari la mwaka msimu wa 1998 na 1999, na huku kwetu utakutana na aina mbili hasa. AS200 ina injini ya 1G, silinda 6 kwenye mstari mmoja, tamu, ya upole. RS200 ina 3S-GE ya silinda 4, haina tabo lakini ile ya manyuali ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 210, ndo ile inayolia mpaka karibu na 8,000 kwenye rpm. Sasa nembo ya RS inauzwa buku kadhaa tu, mtu anaibandika kwenye AS na wewe unashangilia, kwa hiyo nembo usiisome, fungua boneti usome namba ya chesisi. SXE10 ni RS, GXE10 ni AS, basi. Hiyo namba iandike kwenye simu maana muuza spea ndo kitu cha kwanza atakachokuuliza, na asipokuuliza, ondoka.

Ukiwa unatafuta vitu vya chini, yani boljointi (kile kiungo kinachoshikanisha tairi na mkono wake), busha, mikono, andika Lexus IS200 maana ndo jina Altezza iliyouzwa nalo Ulaya, utapata vitu vingi zaidi na bei zinashuka. Ila ile 3S haikwenda kwenye Lexus, ilibaki Japani, kwa hiyo spea za injini ni lazima utaje SXE10 na uwe na subira.

Hela ya kwanza isiende kwenye urembo wa gari. Mi yangu ilienda kwenye egzosi. Mlio ulikuwa mzuri, sikatai, watoto wa Sinza walikuwa wanakimbia kuangalia, lakini chini ya boneti kulikuwa na taimingi belti, ile inayozungusha kamshafti, ambayo hakuna binadamu aliyejua imefungwa mwaka gani. Dashibodi ilisoma kilomita 86,000 na mi nikaamini, wakati raba ya pedeli ya klachi ilikuwa imelika mpaka laini kama sabuni. Belti ya hii injini ya 3S mwisho wake ni kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni, na kwenye manyuali hizo valvu ni za titani, hutozikuta zimemwagwa kwenye turubai kwa wauza spea wa Gerezani. Kwa hiyo kama muuzaji hana risiti ya belti hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Badilisha belti pamoja na tenshena, berengi zake, sili za kamshafti na krenki, na wota pampu, maana kwenye 3S wota pampu inazungushwa na hiyo hiyo belti. Fundi akikwambia "bosi pampu bado nzima hii tuiache", mwambie sawa fundi, ila ikianza kuvuja mwezi ujao kazi ya kufungua yote upya utaifanya bure? Atabadilisha.

Oili sasa. Hii injini ukiikanyaga inakunywa oili, sio ugonjwa, ila ukisubiri taa ya oili iwake ndo uangalie umeshachelewa. Kila ukijaza wese chomoa kijiti, futa, chomeka, chomoa tena, gari ikiwa sehemu tambarare na imezimwa dakika kadhaa. Ukiishi hivyo mwezi mmoja utajua gari yako inakula kiasi gani na huo ndo utakuwa mwendo wake, ukibadilika ghafla uliza. Na usiikanyage ikiwa ya baridi, subiri mshale wa joto ukae sehemu yake halafu endesha taratibu dakika tano zingine, oili inachelewa kupata joto kuliko maji.

Kuchemsha. Hapa nakaa kidogo maana ndo kamba yangu ya kwanza. Foleni ya Kimara, saa kumi na mbili jioni, AC imewashwa, muziki juu, mshale umekaa katikati siku zote kwa hiyo nilishaacha kuuangalia. Shida ya hizi geji za Toyota ni kwamba mshale unaganda pale katikati hata joto likipanda kiasi, ukiuona umeanza kusogea ujue ndani kumeshakuwa na moto kitambo. Mi niliuona ukiwa robo tatu nikasema ngoja nifike Ubungo. Sikufika Ubungo.

Kilichopasuka kilikuwa ni kichwa cha rejeta, ile plastiki ya juu. Rejeta za hizi gari katikati ni alumini ila juu na chini ni plastiki, na plastiki ya miaka ishirini na kitu inabadilika rangi, kutoka nyeusi inakuwa kahawia kama chai ya rangi. Fungua boneti yako sasa hivi uangalie. Kama ni kahawia usingoje, nunua mpya, sio ya mtumba, ya mtumba nayo ni ya umri huo huo imetoka kwenye gari iliyokufa.

Mshale ukipanda barabarani fanya hivi: zima AC, washa hita ya moto feni mwisho (ndio, Dar, mwezi wa pili, utaoga jasho, vumilia) maana hita ni rejeta ndogo ya pili, tafuta pembeni, simama, zima. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Nimeona mtu kaufungua kwa kitambaa akababuka mkono mpaka kwenye kiwiko. Kaa nusu saa au zaidi, ukitaka kujua tayari minya hosipaipu ya juu, ikiwa bado ngumu kama mpira umejazwa upepo bado. Na usimwagie maji ya baridi injini ya moto, hedi inapinda.

Halafu kuna hii tabia ya mafundi wetu ya kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari ikichemsha tu, fundi anachomoa themostati anaitupa, anasema huku kwetu joto haina kazi. Ina kazi. Bila hiyo maji yanazunguka tu muda wote, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi inamwaga petroli zaidi, na ile sababu iliyokufanya uchemshe bado ipo pale pale imekaa inakusubiri Chalinze. Mwambie arudishe mpya. Na ujaze kulanti, sio maji ya bomba, maji ya bomba yanatengeneza kutu ndani.

Ukishajaza lazima utoe hewa. Asubuhi gari ikiwa ya baridi, ipaki pua ikiwa imeinuka, kile kimlima cha geti la nyumbani kinatosha, weka hita kwenye moto, acha mfuniko wazi, washa, uwe unaminya minya hosi ya juu na kuongeza kulanti kila inaposhuka. Viputo vitatoka vingi halafu vitapungua. Vikiendelea kutoka bila kuisha na moshi mweupe unatoka nyuma, au mfuniko wa oili ukiufungua una utando kama chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya hedi, pole sana, andaa hela.

Kamba ya pili ilianzia kwenye urembo. Nilitaka gari ikae chini, fundi mmoja (simtaji) akaniambia springi za kununua ni za nini, akachukua grenda akakata. Usikubali. Springi ya kukatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, gari inadunda kama mkokoteni, bampa la mbele niliacha rangi yake kwenye kila tuta la Sinza, na pembe ya mikono ya mbele ikabadilika ikawa inazila boljointi.

Na boljointi za chini za mbele ndo ugonjwa unaojulikana kabisa wa hii gari, duniani kote, hata ambazo hazijashushwa. Ikilika inaanza kupiga kong, moja tu, ukikata kona taratibu au ukipanda tuta kwa upande. Yangu ilipiga kong nikiwa naingia sheli. Fundi kasikiliza kasema "bosi hiyo stabilaiza linki, itembelee tu". Nikaitembelea wiki mbili. Tairi la kulia likalala kama mguu wa kuku nikiwa spidi ya kumi juu ya tuta, na ninashukuru Mungu mpaka leo ilikuwa spidi ya kumi, maana siku mbili kabla nilikuwa Mlandizi na haikuwa spidi ya kumi.

Kupima usitegemee mtu kusikiliza. Piga jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, sio chini ya bodi, mpaka tairi liwe limenyanyuka kidogo tu, weka na stendi maana jeki sio rafiki. Ingiza mtarimbo chini ya tairi unyanyue huku mwenzako ameweka kidole kwenye boljointi. Ikicheza hata kidogo, imeisha. Badilisha pande zote mbili, ya bei nzuri, ile ya bei chee ukiishika mkononi inageuka laini laini kama gia ya baiskeli, mpya kabisa inatakiwa ikutoe jasho kuizungusha. Baada ya hapo kapime alaimenti siku hiyo hiyo.

Matairi, kwa kifupi. Kwenye rimu ya 17 saizi yake ni 215/45, ubavu wake ni mfupi, shimo moja linatosha kupinda rimu. Ukinunua ya mtumba soma ubavuni zile namba nne za mwisho baada ya DOT, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la zamani lina kashata nzuri tu lakini raba imekuwa ngumu kama plastiki, na hii gari inasukumwa na matairi ya nyuma, mvua ya kwanza ya masika itakugeuza uangalie ulikotoka.

Kuna siku utatoka kuosha gari na itaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Usikimbilie injini. Yule kijana kapuliza maji ya presha juu ya injini na maji yameingia kwenye visima vya plagi. Zima, toa koili zote nne, kausha visima kwa upepo wa kompresa, kausha na koili. Ukikuta kisima kina oili badala ya maji hiyo ni gasketi ya kava ya valvu, rahisi. Bado inatetemeka? Injini ikiwa imezimwa chomoa soketi ya koili moja, washa usikilize, zima rudisha, nenda inayofuata. Ile ambayo ukiichomoa injini haijali, ndo hiyo imekufa, au plagi yake, badilishana koili na jirani ujue ni ipi.

Na kale kakifaa ka kusoma taa ya cheki injini ka bluetooth usikalaumu kakigoma kuongea na gari, Altezza za mwanzo nyingi hazielewi hiyo lugha ingawa soketi ni ile ile. Chukua kipande cha waya unganisha tundu la 4 na la 13 kwenye hiyo soketi, washa swichi bila kuwasha injini, taa itapepesa na wewe unahesabu. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Saitimira na taa zichore namba ya gari leo. Sio kesho. Zile taa za nyuma dunia nzima iliwahi kuziiga, na huku kwetu kuna watu wanazipenda saa nane usiku.

Kamba ya tatu ni Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi hapa Dar. Mvua imenyesha, maji yamekata barabara, daladala inapita, nikasema nami napita. Daladala imenyanyuka, wewe umeshusha springi na grenda. Injini ilikunywa maji ikazima katikati, na hapa kitu pekee nilichofanya sawa ni kutopiga stata tena. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikikutana nayo konirodi inapinda. Ikizima majini iache izime, isukumwe, ukifika toa plagi zote, zungusha krenki kwa spana kwa mkono, halafu ndo upige stata bila plagi, utaona maji yanaruka kama chemchemi. Badilisha filta ya hewa, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, hata kama zinaonekana safi.

Yangu iliwaka siku ya tatu. Viti tulivitoa vyote, zulia lilianikwa uani wiki nzima majirani wanauliza kama tunahama. Mpaka leo jua likipiga upande wa abiria gari inanuka Msimbazi.