Kunakili Bikira na Mtoto wa Filippo Lippi kwa Rangi ya Kiini cha Yai

Picha tunayoinakili ni Bikira Maria na Mtoto pamoja na malaika wawili, ambayo Lippi, mchoraji wa Italia, aliichora kwa tempera (yaani rangi ya kiini cha yai) juu ya ubao kati ya miaka ya 1460 na 1465 hivi, na ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence. Mwanafunzi niliyemwongoza alikuwa amezoea akriliki (rangi ya kisasa ya plastiki inayozimuliwa kwa maji), kwa hiyo nimerefusha maelezo pale alipokwama.

Hatua ya 1. Chukua plaiwudi nene, ipake gundi ya ngozi ya sungura, kisha tabaka nane za jeso (unga mweupe wa chaki au jasi) iliyokorogwa kwa gundi hiyohiyo, na uipige msasa. Jeso ya akriliki siipendekezi hata kidogo, kwa kuwa hainyonyi maji vya kutosha.

Hatua ya 2. Hamisha mistari ya picha hadi kwenye ubao huo.

Hatua ya 3. Tenga kiini na ute, kishike kwa utando wake, kitoboe, na utando uutupe. Ongeza maji kidogo, kisha unga wa rangi. Cennino Cennini, aliyeandika juu ya ufundi huu karibu mwaka 1400, aliagiza viini vilivyopauka vya kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, na vile vyekundu vya kuku wa shamba kwa wazee. Basi kwa Maria, kuku wa kisasa anafaa kuliko wa kienyeji, ingawa mezani nisingekubali.

Hatua ya 4. Nyuso huanza na unga wa rangi uitwao udongo wa kijani, uliochanganywa na rangi nyeupe, na hapa ndipo wengi huingiwa na hofu wakafunika kijani chote kwa waridi zito. Usifanye hivyo, kwa maana kijani kinachochungulia kwenye kivuli cha taya ndicho kinachoupa waridi uhai. (Nyuso za kijani katika picha nyingi za kale za Italia ni matokeo ya waridi kuchakaa.) Tempera hukauka kwa sekunde chache na haichanganyiki juu ya ubao, kwa hiyo andaa waridi la viwango vitatu, kamua brashi nyembamba hadi ikaribie kukauka, na uchore mistari myembamba inayofuata mviringo wa shavu. Brashi yenye maji mengi hung'oa tabaka la chini. Ukirudia mstari kabla haujakauka, utapata shimo. Ukiona uso unang'aa kama mafuta, kiini kimezidi. Ili kuhakikisha, paka rangi kidogo juu ya kioo, iache ikauke, uikwangue kwa wembe: ikitoka kama utando iko sawa, ikivunjika kuwa unga iongeze kiini.

Hatua ya 5. Shela na lulu za Maria huja mwisho, kwa rangi nyeupe iliyozimuliwa sana juu ya nywele zilizokamilika. Vanishi isubiri angalau miezi sita.