Mbwa anajikuna? Angalia anajikuna wapi kabla hujashika chupa ya dawa

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni mtu wa mifugo huku Moshi, kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi wa watu upande wa Kibosho na Machame, ila kila nikiingia kwenye boma lazima niitwe na kwa mbwa, "daktari hebu muone na huyu ngozi imeharibika". Na niseme ukweli, wale ninaowakuta na ngozi mbaya kabisa mara nyingi sio wadudu waliowafanya hivo, ni dawa ya wadudu.

Naanza na la kwangu. Nikiwa mgeni kazini nilikuwa na dume langu la koko, kupe wamejaa masikioni, nikachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe nikapima kwa kizibo, nikaona maji hayajakolea nikaongeza kizibo kingine. Jioni mbwa kalala, ukimwita haitiki, mwili wa baridi, kesho yake chini ya tumbo kote kumebabuka. Alipona. Tangu siku ile natembea na sirinji, ile ya mililita 5, na dawa yoyote nasoma kibandiko kwanza, kama kibandiko hakitaji mbwa basi haimgusi mbwa.

Haya twende.

Hatua ya 1: jua kama una dakika au una siku

Mbwa kang'atwa na nyuki au nyigu, mdomo umevimba, macho yamekuwa madogo. Uvimbe peke yake mara nyingi unashuka wenyewe. Ila akianza kutapika, kuharisha, kuhema kwa shida au miguu ikalegea, acha kusoma hapa tafuta usafiri. Kipimo changu ni fizi: inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa au fizi ni nyeupe tangu mwanzo, damu haizunguki vizuri. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi, huyo mfunue kope la chini la jicho uangalie pale ndani.

Miiba ya nyuki itoe haraka kwa ukucha, usipoteze muda kutafuta kibanio, ule mwiba unaendelea kusukuma sumu. Na kama mbwa wako unamfunga mnyororo jirani na mzinga au mti wenye nyuki, mhamishe leo. Nyuki wetu wakichokozwa hawaji mmoja, na mbwa wa mnyororo hana pa kukimbilia.

Hatua ya 2: kama ni dawa, osha kabla ya kupiga simu

Hapa nakaa kidogo maana ndo penye makosa. Kuna mama mmoja Machame aliniita asubuhi, mbwa anatoa mate kama povu na anatetemeka.

"Shikamoo mama. Umempaka nini huyu?"
"Marahaba baba. Nimempaka ile ya kupulizia nyanya, si inaua wadudu?"
"Ulipima na nini?"
"Nilikadiria tu."

Dawa ya nyanya, dawa ya kahawa, dawa ya mende, zote hizo watu wanapaka mbwa. Sasa fanya hivi: vaa glovu, tumia maji ya kawaida ya bomba na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua mpaka kwenye ngozi sio juu ya manyoya tu, suuza sana, rudia mara ya pili. Maji ya moto hapana, yanafungua ngozi na dawa inazidi kuingia. Usimwache ajilambe, mviringie taulo. Na mkaushe vizuri, huku juu mwezi wa 6 na wa 7 baridi sio ya mchezo na baadhi ya hizi dawa zenyewe zinashusha joto la mwili.

Usimnyweshe maziwa. Najua kila mtu anasema maziwa yanaua sumu, ila mbwa aliyelegea ukimmiminia kitu mdomoni kinaenda kwenye mapafu, sasa una matatizo mawili. Usimtapishe pia.

Halafu beba chupa. Sio jina la kukumbuka kichwani, chupa yenyewe. Mate mengi, machozi, kutapika, kutetemeka na mboni ndogo kama tundu la sindano, hiyo inaelekea ni zile dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na daktari anaweza kuchoma atropini. Lakini mbwa anayesinzia, mapigo ya taratibu, mwili baridi, inaweza kuwa amitrazi, ambayo ipo kwenye dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe, na kwa hiyo atropini sio dawa yake, inaweza kumzidishia. Bila chupa daktari anabahatisha. Yule wa mama alifika na chupa, akapona.

Hatua ya 3: soma ramani ya mwili

Kama hakuna dharura, msimamishe mbwa kwenye mwanga uangalie wapi pameharibika, maana kila adui ana mtaa wake.

Mgongoni karibu na mkia na nyuma ya mapaja, nywele zimekatika, ngozi nyekundu au imekuwa nene: fikiria viroboto kwanza. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto anaweza kuumwa na wachache tu akajikuna siku kadhaa, kwaiyo kusema "mbona simuoni hata kiroboto mmoja" sio ushahidi, kashawala kwa meno.

Chini ya tumbo, kwapani, kinenani na vidoleni, sehemu zenye nywele chache: kalalia kitu. Uliza nani kapulizia dawa kihambani (shamba la nyumbani) wiki hii, nani kamwaga dawa ya kudekia barazani.

Miguu na masikio, anajilamba mwaka mzima, masika na kiangazi vilevile: hapo inaweza kuwa chakula au aleji ya vumbi na chavua, na hiyo haina njia ya mkato. Chakula unakijaribu kwa kubadilisha kabisa wiki 8 hivi, bila kutupiwa mfupa na watoto. Wengi wanashindwa wiki ya 2.

Ncha za masikio, kigaga cheusi, damu ikikauka inapasuka tena: hii nawakuta nayo sana kwenye mbwa wa masikio ya kusimama waliofungwa jirani na zizi. Ni nzi wa zizini, anafanana na nzi wa nyumbani ila huyu anauma na kunyonya damu. Anazaliana kwenye samadi iliyochanganyika na majani ya migomba na mabua yaliyooza chini ya ng'ombe, kwaiyo unaweza kupaka sikio mwezi mzima na nzi anaendelea kuzaliwa hatua 3 kutoka hapo. Lainisha kigaga kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, paka Vaseline, toa samadi kila wiki na hamisha banda. Oili chafu ya gari usipake, inaunguza ngozi na akiilamba inamuumiza ndani.

Hatua ya 4: jaribio la karatasi

Hili nalipenda. Chukua chanuo la meno ya karibu, chana pale juu ya mkia, gonga chanuo kwenye karatasi nyeupe. Vikidondoka vipunje vyeusi kama majani ya chai, dondoshea maji. Vikitoa rangi ya kutu ni damu iliyokauka, kinyesi cha kiroboto. Visipobadilika ni mchanga tu.

Ukishathibitisha ujue wale wa mwilini ni wachache, mayai na viluwiluwi viko kwenye vumbi la banda na gunia analolalia. Fua au choma gunia, fagia kona zote, na dawa ya mwilini iwe ya mbwa, irudiwe kama kibandiko kinavyosema, kwa mbwa wote wa boma kwa pamoja. Kama kuna paka usitumie yenye pemetrini hovyo, ya mbwa inaua paka.

Hatua ya 5: muwasho

Kitambaa cha maji baridi dakika 10. Setirizini (dawa ya aleji) tupu, isiyochanganywa na dawa ya mafua, mg 1 kwa kilo mara moja kwa siku, inasaidia baadhi, wengine haiwafanyi kitu. Dawa za maumivu za watu, diklofenaki na ibuprofeni, marufuku, tumbo na figo za mbwa haziwezi.

Ila kama nywele zimeisha viwiko na pembeni mwa masikio, na watoto wa nyumbani nao wameanza kujikuna, huo unaweza kuwa ukurutu, ule upele wa vidudu vidogo sana vinavyochimba ndani ya ngozi. Huyo usimwogeshe kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo hivohivo na uchafu wake, maana ukishampaka dawa yako, wakikwangua ngozi na kuweka kwenye hadubini wanaweza wasione kitu.