Maji Yanayotoka Kondeni: Jinsi ya Kuyaongoza Yasiharibu Visima na Mabonde

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikishapiga, chukua chupa tupu ya plastiki ya maji ya kunywa, nenda mwisho wa konde lako pale maji yanapotokea, na uikinge mpaka ijae. Iweke barazani usiku kucha bila ya kuitikisa. Asubuhi utakuta udongo umetuama chini na maji ya juu yametakata. Udongo ule umebeba fosforasi ya mbolea uliyoinunua, kwa sababu fosforasi hushikamana na chembe za udongo na kusafiri nazo. Naitrojeni huioni, kwani imeyeyuka ndani ya yale maji yaliyotakata, na popote yaendako nayo huenda. Ukiushika udongo umeishika fosforasi, lakini naitrojeni bado iko safarini, na ndiyo maana mkulima anayetaka kulinda maji ya mtaa wake anahitaji kujua kwanza maji ya konde lake yanaishia wapi.

Visiwa vyetu havina ziwa wala mto mkubwa wa kutegemea. Maji mengi tunayokunywa, Unguja na Pemba, hutoka chini ya ardhi kupitia visima na chemchem. Kwa hivyo jua maji ya konde lako yanaishia wapi kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa mbolea. Katika vilima vya magharibi na kati ya Pemba, kuanzia Mkoani kupita Chake Chake hadi Wete, udongo ni wa kina na maji hushuka mteremkoni kuelekea mabonde ya mpunga, kisha vijito, kisha mikoko na bahari. Kwenye maweni ya Micheweni, au ya Makunduchi na Jambiani kwa upande wa Unguja, mambo ni mengine kabisa: udongo ni kiasi cha viganja vichache tu juu ya jiwe la matumbawe lililojaa nyufa na mapango, na maji ya mvua huzama humo karibu bila ya kuchujwa. Mtu wa kilimani huyaona maji yake yakiondoka, ilhali wa maweni haoni kitu, na kwa kuwa haoni, mara nyingi hudhani kwamba hakuna kinachoondoka.

Mteremkoni

Kazi ya kwanza ya kilimani ni kuyapunguza maji kasi. Usikisie kwa macho mstari wa usawa unaoukata mteremko kwa upana, kwa sababu jicho hudanganya na tuta lililopinda kidogo tu hukusanya maji yote mahali pamoja, yakalivunja na kuchimba korongo. Tengeneza kipimo cha herufi A. Tafuta miti miwili iliyonyooka yenye urefu wa mita 2, ifunge pamoja kwa juu, itanue miguu, kisha funga mti wa tatu katikati kama daraja. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni ili upite mbele ya ule mti wa katikati. Simamisha kipimo, tia alama ardhini pale miguu ilipokanyaga, na tia alama ya kwanza kwenye mti pale uzi ulipotulia. Sasa kigeuze, mguu wa kulia ukanyage alama ya kushoto na wa kushoto alama ya kulia, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Baada ya hapo tembea nacho kondeni hatua kwa hatua, ukichomeka kijiti kila mahali uzi unapoangukia kwenye alama ya usawa, na ukimaliza utaona mstari ambao pengine usingeuotea hata kama umelima konde hilo miaka ishirini.

Juu ya mstari huo panda mchaichai, vetiva au majani ya tembo, kwa kubananisha mashina yasiachiane nafasi. Mchaichai una soko na majani ya tembo ni chakula cha ng'ombe, na hilo lina uzito, kwani ukingo usioleta faida hung'olewa msimu wa pili. Ili kujua mstari unaofuata uwe wapi, simama juu ya mstari wa chini, tazama mbele moja kwa moja bila ya kuinua uso, na pale macho yako yanapogonga mteremko anza mstari mwengine. Utakuwa umepanda kiasi cha mita moja na nusu kwenda juu. Mwisho wa konde, kabla ya kijito au bonde, acha ukanda wa majani usiolimwa wenye upana wa angalau mita 5, na zaidi pale mteremko ulipo mkali. Ninajua kwamba ardhi ya Pemba ni finyu na kwamba mita 5 zinauma. Hata hivyo, ndizo zinazobakisha udongo upande wako badala ya kuupeleka kwa mwenye mpunga aliye chini yako. Ikiwa una mikarafuu, usifyeke majani yote mpaka ardhi ikabaki tupu; fyeka yaliyo chini ya mti wakati wa kuchuma, na kwengine kote yakate mafupi tu.

Bondeni, mkulima wa mpunga anayetia yurea na afunge matoleo ya majaruba yake kwanza, ayaache yamefungwa siku 5 hadi 7. Kutia yurea huku maji yanapita ni kumtilia jirani wa chini, au bahari.

Kwenye maweni

Hapa ninaomba usomaji wa makini, kwa sababu ushauri mzuri wa kilimani unaweza kuwa mbaya kwenye jiwe. Kilimani tunayazuia maji ili yazame, na udongo wa kina huyachuja. Kwenye maweni, ukichimba shimo la kukusanyia maji yenye mbolea umefungua njia fupi ya kuyapeleka kisimani. Kinga ya maweni ni kupunguza kile kinachowekwa juu ya ardhi na kuchagua wakati wa kukiweka.

Hebu tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Naitrojeni hiyo ikigeuka yote kuwa naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni, uzito wake hufikia takriban kilo 102. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika kila lita ya maji ya kunywa. Gawanya, na utaona kwamba mfuko mmoja ungetosha kufikisha kwenye kikomo hicho maji safi ya lita milioni 2. Bila shaka si yote yanayozama, kwani mimea huchukua sehemu yake na nyengine hupotea hewani, lakini hesabu hiyo inaonesha kwa nini mifuko michache inayomwagwa ovyo juu ya jiwe si jambo dogo kwa kijiji chenye visima viwili.

Kwa hivyo gawa mbolea katika awamu ndogo tatu au nne badala ya kuitia yote kwa mara moja. Tumia kifuniko cha chupa ya soda, ambacho hubeba takriban gramu 5 za yurea: kila mche wa tungule au bilingani upate kifuniko kimoja kwa awamu, ndani ya kishimo kilicho umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha kifukiwe. Miche 1,000 itakula kilo 5 tu. Usitie mbolea wingu likiwa limekwisha kufunga wala katika kilele cha masika. Subiri manyunyu, au mwagilia mwenyewe kidogo. Vuli na mchoo (mvua ndogo za baina ya masika na vuli), kwa aliye na maji ya kumwagilia, ni salama zaidi kwa mboga kuliko mwezi wa Aprili.

Samadi nayo ni mbolea kama nyengine, ingawa wengi huichukulia kuwa haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Lundo lililoachwa wazi wakati wa masika hutoa maji meusi yenye naitrojeni na vijidudu vya kinyesi. Liweke juu ya sakafu ya saruji au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, lifunike kwa turubai, na chimba kijitaro upande wa juu ili maji ya mvua yazunguke yasilipitie. Kwa umbali kutoka kisimani, Sheria ya Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar na haikuandikwa kwa ajili ya visima, lakini mimi ningekichukua kipimo hicho kuwa kianzio, na kwenye maweni ningekwenda mbali zaidi.

Dawa za wadudu zina kanuni fupi. Bomba la kunyunyizia lisioshwe kisimani wala kwenye chemchem. Suuza chupa ya dawa mara tatu, kila mara mimina maji yake ndani ya bomba na uyanyunyize kondeni humo humo, kisha itoboe chupa ili mtu asije akaigeuza ya mafuta ya taa.

Kukubaliana katika shehia

Mkulima mmoja hawezi kuyafunga maji ya kilima kizima. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, wenye makonde ya mteremko mmoja na wakutane kwa sheha, watembee pamoja kutoka juu hadi chini, na waandike nani atazibua mtaro gani, ukanda wa majani unaanzia wapi, na ni marufuku kuoshea nini wapi. Pakitokea ubishi juu ya chanzo cha maji, Mamlaka ya Maji Zanzibar na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ndizo za kupelekewa, kwa kuwa zina nguvu ya kisheria ambayo kamati ya shehia haina.

Kisima cha pamoja kipimwe kabla ya masika na tena baada yake. Vijiti vya kupimia naitreti hugeuka rangi ndani ya dakika chache, ila soma lebo vizuri: vyengine huonesha naitreti yenyewe, ambayo kikomo chake ni 50, na vyengine huonesha naitrojeni iliyomo ndani yake, ambayo kikomo chake ni takriban 11. Kipimo kikizidi, maji hayo yasitumiwe kukorogea maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, kwani naitreti huifanya damu yake ishindwe kubeba oksijeni. Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na naitreti hubaki palepale, ikazidi ukali. Andika kipimo, tarehe na mvua ya wiki hiyo katika daftari linalokaa kwa sheha, kisha panda kwenye makonde yaliyo upande wa juu wa kisima ukatazame nani ametia nini, na lini.